Bi Sega, Mfinyanzi Aliyesafisha Moshi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogea karibu na redio yako, na kama una kazi mkononi, endelea nayo. Ninayemkumbuka leo hakupenda kumwona mtu amekaa mikono mitupu.

Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa binti yake, alifariki mfinyanzi mmoja. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Wengi mlimjua kwa jina moja tu: Bi Sega. Wazazi wake walimpa jina jingine, zuri, lakini hata yeye alikuwa ameanza kulisahau. Chuo kilipomtunuku cheti, kikaandika lile jina la wazazi. Akakirudisha. Akawaambia, "Hiki nikikitundika ukutani, watu wataniuliza nimekiokota wapi." Wakakiandika upya. Bi Sega.

Sega, kama sega la nyuki. Kwa sababu mama huyu alifinyanga matofali yenye mamia ya matundu. Moshi wenye sumu uliingia upande mmoja wa matundu yale, ukatokea upande wa pili ukiwa hauna tena sumu ile. Inasikika kama hadithi. Si hadithi. Nitaeleza taratibu, maana hata mimi nilieleweshwa mara tatu.

Ufinyanzi alifundishwa na shangazi yake. Shangazi hakuwa mtu wa kusifu. Chungu kikitoka kibaya alikivunja, kikitoka kizuri alikaa kimya. Bi Sega aliwahi kuniambia, "Mimi nimelelewa na kimya cha shangazi. Siku akinyamaza, nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima."

Alianza kuuza vyungu vya maua na majiko ya udongo kwenye kibanda kando ya barabara. Akahitaji kibao. Akaja kijana mmoja mpaka rangi, akamwandikia kibao kizuri chenye herufi nyekundu: VYUGU NA MAJIKO. Vyugu, wasikilizaji. Bi Sega akamwita arudi. Kijana akarudi, akaongeza N, ikakaa vibaya. Akarudi kesho yake kufuta. Akarudi keshokutwa kuandika upya. Kibao cha saa moja kilichukua siku nne. Binti yao anasema, "Baba hadi anazeeka alikuwa anaapa kwamba alikosea kwa bahati mbaya. Mama hakuwahi kuamini." Wakaoana mwaka huohuo.

Kisha mume akapata kazi ya kudumu. Palikuwa na kiwanda cha vitanda vya chuma, vile vyeupe vya hospitali. Kazi yake ilikuwa kuvipuliza rangi kwa mashine. Rangi ile huchanganywa na thina ili iwe nyepesi. Kitanda kikishapulizwa kinaingizwa kwenye tanuri ili rangi ikauke. Mvuke wote wa thina, wa chumba cha rangi na wa tanuri, ulivutwa na feni moja, ukatolewa kwa bomba moja la moshi, juu ya paa. Na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na nyumba za watu, na zahanati.

Mume alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Akirudi nyumbani, nguo zake zilianikwa nje, haziingii ndani. Binti, alipokuwa mdogo, hakumkalia baba yake mapajani mpaka aoge. Kichwa kilimuuma mume kila Ijumaa. Mikono ilianza kutetemeka, kwanza kidogo, baadaye hata kikombe cha chai kilikuwa na kelele kwenye kisahani.

Kuna siku Bi Sega aliacha sufuria ya maharage jikoni, akatoka kwenda kuchota udongo. Mume alikuwa amekaa jikoni humohumo, anasoma gazeti. Mke aliporudi, moshi umejaa, maharage yamekuwa makaa. Mume yuko palepale, macho yanamtoka machozi kwa ule moshi, anafunua ukurasa.

"Wewe, husikii harufu?"

Akainua kichwa. "Harufu ya nini?"

 Bi Sega aliiepua sufuria, akafungua mlango, akakaa chini karibu na miguu ya mumewe. Akaanza kumuuliza taratibu. Sabuni je? Hapana. Kahawa? Hapana, muda sasa. Tangu lini? Hakujua. Pua ilikuwa imeondoka kimyakimya, na mwenye pua aliona aibu kusema.

Wakati huo majirani nao walikuwa wamechoka na harufu ile na kukohoa. Zahanati ilikuwa na dirisha upande wa kiwanda ambalo halikuwa limefunguliwa kwa miaka tisa. Ukaitishwa mkutano. Watu wakasema kiwanda kifungwe. Mwenye kiwanda akasimama, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, akasema, "Nina wafanyakazi sitini. Nikifunga leo, hao sitini wakale wapi?" Watu wakamzomea.

Bi Sega alikuwa kwenye mkutano ule, na alikuwa katikati kama mahindi kwenye jiwe la kusagia. Majirani ni wake. Kikohozi kile ni cha binti yake pia. Na mmoja wa wale sitini ni mumewe. Akanyoosha mkono. Akauliza, "Hakuna njia ya kuiua hii harufu bila kuiua kazi?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mkemia, mwalimu wa chuo, dada mwembamba aliyeletwa na majirani kuja kupima hewa. Wiki iliyofuata akatokea kwenye kibanda cha vyungu.

Leo dada huyo ni mkuu wa idara. Jana nilimpigia simu, akanisimulia siku hiyo.

"Nilimwambia, mama, nataka tofali lenye matundu. Matundu mengi, membamba, yaliyonyooka toka huku mpaka huku. Akaniangalia. Akasema, mwanangu, tofali lenye matundu ni tofali bovu, mimi kazi yangu ni kuyaziba."

Hapo ndipo mkemia alipomweleza. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana ndiyo kiini cha yote. Mvuke wa thina unaweza kuunguzwa. Ukikutana na hewa kwenye joto kali mno, unavunjika, unabaki mvuke wa maji na ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Lakini joto hilo ni kubwa, na kiwanda kile kisingeweza kulitoa. Ila kuna vitu vinavyofanya kazi hiyo itendeke kwa joto dogo tu, kama lile la tanuri la rangi. Vitu hivyo vinaitwa vichocheo. Yeye alikuwa na kichocheo cha shaba na madini yaitwayo manganizi, cha unga. Alichokosa ni mahali pa kukipaka, mahali ambapo moshi utapita na kukigusa kila upande.

Bi Sega akauliza, "Hicho kichocheo chenyewe kinaungua?"

"Hakiungui, mama. Ni kama mshenga. Anawakutanisha wawili ambao peke yao wangezungukana mwaka mzima. Wakishakubaliana, yeye anaondoka vilevile alivyokuja, anakwenda kwa wengine."

"Na haombi hata nauli?"

"Haombi chochote."

"Basi huyo si mshenga, mwanangu. Huyo ni malaika. Haya, niambie matundu mangapi."

Ndivyo walivyoanza. Bi Sega alichukua ubao, akapigilia njiti mia mbili za magurudumu ya baiskeli, zimesimama wima. Akausukuma udongo laini kwenye zile njiti. Tofali la kwanza lilitoka zuri, likapasuka lilipokauka. La pili likapasuka. La tatu likapona kukauka, likapasuka motoni. Alikuwa anaandika idadi ukutani kwa mkaa. Arobaini na matatu, wasikilizaji. Matofali arobaini na matatu yalipasuka. Hapo ndipo majirani walipomwita Bi Sega, na mwanzoni halikuwa jina la heshima.

La arobaini na nne halikupasuka. Alikuwa amechanganya udongo na unga wa mbao. Unga wa mbao unaungua motoni, unaacha vijishimo vidogo, udongo unapata nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Lakini sasa kichocheo cha mkemia hakikushika. Kilibanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mkemia alihangaika nacho miezi miwili kwenye maabara. Bi Sega akamwambia, "Wewe unalivisha likiwa limeshazeeka. Chungu kikiiva kabisa, hakikubali tena nguo." Akalichoma tofali kwa moto mdogo, likawa limeiva nusu. Wakalichovya kwenye maji ya kichocheo. Likarudi motoni. Kikashika. Mkemia anasema, "Nilikuwa na shahada tatu. Hilo sikulijua."

Kufika hapo ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne. Mwenye kiwanda alikuwa ameshawakatalia mara mbili. Alisema hawezi kuziba bomba lake na vyungu. Kisha ikaja barua ya halmashauri: siku tisini, safisha moshi au funga. Mwenye kiwanda akaja mwenyewe kibandani, akasimama nje kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Akasema, "Mama, leteni hivyo vyungu."

Matofali yakafungwa ndani ya sanduku la chuma, sanduku likawekwa pale joto la tanuri linapoingia kwenye bomba. Siku mbili za kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mambo yakaharibika.

Kumbe mvuke ule ulibeba pia chembe za rangi, ndogo kama vumbi. Chembe zikaziba matundu. Moshi ukakosa pa kutokea, ukarudi chumba cha rangi. Wafanyakazi wakakimbia nje. Mmoja hakutoka. Wenzake wakarudi na vitambaa usoni, wakamkuta amelala sakafuni kando ya mashine yake. Alikuwa mume wa Bi Sega.

Wakampeleka zahanati, ng'ambo ya ukuta. Bi Sega alifika na udongo mikononi mpaka kwenye viwiko. Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne. Anakumbuka.

"Mama alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa anasema peke yake, nimemuua, nimemuua kwa mikono yangu. Nesi akamshika, akamwambia anapumua, mama, njoo uone, anapumua."

Mume alizinduka mchana. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cheupe cha chuma. Akakipapasa pembeni, akapitisha kidole kwenye rangi. Akasema, "Hiki nilikipuliza mimi. Huku kwenye kona nilikipaka vibaya."

Bi Sega akalia. Akasema, "Baba, nimeacha. Narudi kwenye vyungu vya maua. Nilitaka kukuokoa, nikakaribia kukuzika."

 Mume akasema maneno ambayo binti yao ameniruhusu niyaseme hewani. "Mke wangu, mimi nimekipumua kile kitu miaka kumi na tisa na hakuna aliyelia. Leo nimeanguka kwa sababu mtu alikuwa anajaribu. Usiache. Matundu yako ni madogo, ndiyo shida. Na mbele ya tofali weka wavu. Rangi inashika kwenye wavu, mimi najua, kila jioni nakwangua wavu wa feni."

Mpaka rangi, wasikilizaji wapendwa. Hakusoma kemia hata siku moja. Alilala kitandani na ndiye aliyeona kasoro.

Zilikuwa zimebaki siku thelathini na moja. Njiti za baiskeli zikatolewa, zikawekwa nondo nyembamba, matundu yakawa mapana. Wavu ukawekwa mbele, laini, tabaka juu ya tabaka, wa kutolewa na kusafishwa kila jioni. Mkemia akadai feni yenye nguvu zaidi, na kengele ya kulia moshi ukianza kurudi. Mwenye kiwanda akakubali yote. Safari hii wafanyakazi wote walisimama nje tanuri lilipowashwa, na mkemia akapanda juu ya paa na vyombo vyake vya kupimia.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Majirani wamejipanga ukutani. Mkemia akapima, akaandika, akapima tena. Akashuka ngazi na karatasi. Kati ya sehemu mia za mvuke ulioingia kwenye sanduku, tisini na moja zilikuwa hazipo tena. Akazisoma namba kwa sauti na watu hawakuzielewa, wakabaki wanamwangalia. Ndipo upande wa zahanati ukasikika mlio wa mbao na bawaba zilizoshika kutu. Nesi alikuwa anasukuma lile dirisha. Alisukuma kwa bega mpaka likafunguka, akatoa kichwa nje, akavuta hewa. Akaliacha wazi.

Kiwanda hakikufungwa. Wale sitini walibaki kazini. Baadaye wakaja watu wa karakana nyingine, wa kupaka rangi magari, wa kuchapa magazeti. Bi Sega akafundisha wanawake kumi na mmoja kufinyanga matofali yale. Nilimtembelea kwenye banda lake miaka minne iliyopita. Nilitoa kipaza sauti, akakitazama, akasema, "Kiweke chini hicho, mwanangu, kwanza unikandie udongo. Maneno yatakuja yenyewe." Yalikuja. Mahojiano yale yamejaa mlio wa udongo ukipigwa mezani, na mtayarishaji wangu alinilaumu sana.

Siwezi kuwadanganya kwamba kila kitu kilipona. Pua ya mume haikurudi. Kilichoharibika kilikuwa kimeharibika. Aliacha kupuliza rangi, akawa mkaguzi wa masanduku yale na mwandishi wa vibao, na mikono ikatulia kidogo. Aliishi miaka kumi na mitatu zaidi. Na katika miaka hiyo yote, binti anasema, mama yake alikuwa pua yake. Wakikaa kibarazani alimwambia, "Jirani anakaanga vitunguu, na ameviacha vimezidi." Mvua ikikaribia, alimwambia, "Inanukia vumbi lililolowa. Kama udongo wangu ninapoumwagia maji asubuhi." Siku mjukuu wao alipozaliwa, Bi Sega alimpa mumewe mtoto amshike, akainama, akanusa utosi wa mtoto. Akanusa tena, akitafuta neno. Mwishowe akasema, "Hii siwezi kukuambia, baba. Hii sina neno lake." Mume akasema, "Basi. Nimeshaelewa."

Mzee alitangulia miaka tisa iliyopita.

Miaka mitatu na nusu iliyopita, muda mfupi baada ya mimi kumtembelea, Bi Sega alianza kukohoa kikohozi kisichoisha. Daktari akampiga picha. Ilikuwa vumbi. Vumbi la udongo mkavu, la miaka hamsini ya kusaga, kuchekecha na kufagia, lilikuwa limejaa kwenye mapafu. Alihangaikia moshi wa wenzake, na vumbi lake mwenyewe hakuliona.

Binti yake, ambaye ni mshonaji, anasema, "Nimemwona mama akilia mara mbili maishani. Siku baba alipoanguka, na siku ile kwa daktari. Nikamwambia, mama, tutapambana. Akasema, mimi silii kwa ajili yangu. Nina wanawake kumi na mmoja kule bandani."

Kesho yake alikwenda kazini na sheria mpya. Hakuna kufagia kukavu. Sakafu inalowanishwa kwanza. Udongo unakandwa ukiwa na maji, hausagwi mkavu ndani. Barakoa, kila mtu, hata mgeni. Na wote kumi na mmoja wakapimwe mapafu. Wawili walikutwa na dalili za mwanzo, wakaondolewa kwenye vumbi. Leo wanaendelea vizuri. Alipokosa nguvu za kufinyanga, alikaa mlangoni kwenye kiti, anakagua barakoa. Mwenye kiwanda, siku hizi mzee wa fimbo, alikuja kumjulia hali bila barakoa. Akamzuia mlangoni. Akamwambia, "Bosi, safari hii ni zamu yangu kukukatalia."

Jumanne alifariki. Jumatano akazikwa, kando ya mumewe. Wanawake wa bandani walimwendea binti wakiwa na haya, wakamwambia kuna matofali ishirini yamekwisha kukauka, na ni ya hospitali, ya bomba la kichomea taka. Je, wasubiri siku za msiba ziishe? Binti akawauliza, mama angesema nini? Mkubwa wao akajibu, "Angetuuliza kwa nini tumesimama." Alhamisi asubuhi tanuri liliwashwa.

Kwa niaba ya kituo hiki, na kwangu binafsi niliyekanda udongo wake siku moja na kuukanda vibaya, natoa pole kwa binti, kwa mjukuu, kwa mkemia aliyemwita mama, na kwa wanawake kumi na mmoja wa bandani. Mungu awape subira.

Wasikilizaji wapendwa, desturi ni kuomba dakika ya kimya. Leo naomba pumzi moja tu. Popote ulipo, jikoni, karakana, ofisini, ivute taratibu. Iangalie hewa iliyo mbele yako, ina nini ndani yake. Kisha mfikirie jirani yako wa upande wa pili wa ukuta. Yeye naye sasa hivi anavuta pumzi, na huenda anavuta ulichokitoa wewe.